Taa ya nyuma inaungua kila mara: je, kosa ni la balbu?



Swali la wiki hii tumelipokea baada ya sala ya Isha, kutoka kwa kijana wa msikitini kwetu anayeendesha bodaboda baina ya Bigwa na Kinole. Anasema kuwa tangu ulipoandama mwezi wa Rajabu amekwishabadilisha balbu ya taa ya nyuma mara tano. Kila anapofunga mpya huwaka siku chache, ikizidi sana wiki mbili, kisha huzimika. Naye hana habari mpaka apigiwe honi na gari lililo nyuma yake, au asimamishwe na askari wa usalama barabarani. Fundi wake amemwambia kwamba balbu za siku hizi hazina uzima, basi anunue nyingi aziweke akiba. Anatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, kuna dawa ya maradhi haya? La pili, gharama hii ni yake yeye au ni ya mwenye pikipiki, maana yeye hupeleka hesabu ya kila siku kwa tajiri?

Huenda wapo wasomaji watakaoshangaa kuona kurasa za familia zikizungumza habari za balbu. Sisi hatuoni ajabu. Katika mitaa yetu ya Morogoro pikipiki ndiyo inayopeleka mgonjwa zahanati usiku, ndiyo inayowachukua watoto alfajiri kwenda madrasa, na ndiyo inayoteremsha ndizi na kabichi za Uluguru kuja sokoni. Nyumba nyingi za jamaa zetu zinakula kwa magurudumu mawili. Na taa ya nyuma ina sifa moja inayoitofautisha na taa zote za chombo hicho: mwenyewe haioni. Taa ya mbele ikizimika dereva atajua papo hapo, kwa kuwa njia yote itakuwa giza. Ya nyuma ikizimika yeye ataendelea na safari yake kwa amani, na mwenye kuhitaji kuiona ni dereva wa lori anayekuja nyuma yake katika barabara ya Iringa saa mbili usiku. Mtume (s.a.w.) alipowazungumzia masahaba habari za kukaa njiani aliwataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia udhia. Taa hii ni haki ya mtu mwingine, ambaye aghalabu humjui wala hutamwona uso.

Tuanze na fundi. Kauli yake ina chembe ya kweli, kwani balbu hafifu zipo madukani na zinajulikana. Lakini balbu tano kufa mfululizo katika chombo kimoja, ilhali wenzake wa kijiwe kilekile wananunua duka lilelile na zao zinadumu, hapo balbu si mkosaji tena, ni shahidi. Na shahidi huyu, tofauti na wengine, hutoa ushahidi wake baada ya kufa. Kwa hiyo jambo la kwanza tunalomwomba kijana wetu ni kuwa asiitupe balbu iliyoungua. Aisafishe kwa kitambaa, aiinue kwenye mwanga, aitazame ndani.

Balbu ya nyuma ya pikipiki zetu nyingi ina nyuzi mbili. Mmoja mwembamba, wa wati 5, ndio unaowaka usiku kucha; wa pili mnene, wa wati 21, huwaka unapokanyaga breki. Ndiyo maana kwenye kitako chake cha shaba huandikwa 12V 21/5W. Sasa, ukiikuta glasi imeingia weusi au rangi kama ya fedha kwa ndani, na ncha za uzi uliokatika zimeyeyuka zikafanya vidonge vidogo, balbu hiyo imelishwa umeme kupita kiasi. Ukiikuta glasi ni safi kabisa, na uzi umekatika kama uzi wa mshono uliovutwa, au umechomoka kwenye kijiti chake, huo ni mtikisiko. Ukiikuta glasi imegeuka nyeupe kama maziwa, ujue hewa imeingia ndani: glasi ilipata ufa, na mara nyingi sababu yake ni tone la maji ya mvua kuangukia glasi yenye moto. Mambo haya matatu yana dawa tatu tofauti, na anayenunua balbu bila kutazama maiti ya ile ya kwanza anatibu bila kupima.

Tuuchukue umeme kwanza, kwa sababu ndio wenye madhara mengi na ndio unaosahauliwa. Umeme wa pikipiki huzalishwa na koili zilizo ubavuni mwa injini. Injini ikizunguka polepole umeme ni mdogo. Ikizunguka kwa kasi umeme hupanda, na kama ukiachwa huru utapanda kupita kiwango ambacho taa inaweza kustahimili. Kazi ya kuutuliza umepewa kifaa kidogo chenye mapezi ya bati, ambacho mafundi wetu hukiita regileta, na wengine rektifaya, na betri ndiyo msaidizi wake. Mkazi wa Morogoro atauelewa usaidizi huo kwa kulikumbuka Bwawa la Mindu: mto Ngerengere hujaa na kupungua kwa kufuata mvua, lakini bwawa hupokea yanayokuja kwa fujo na kuyatoa kwa utulivu. Betri ikiwa imekufa, au imeondolewa kama wafanyavyo vijana wengi wanaowasha kwa kupiga kiki, bwawa halipo. Kila unapovuta mafuta wimbi lote hupiga kwenye taa.

Na wala haihitajiwi ziada kubwa. Balbu za uzi zina tabia hii: volti zikizidi kwa sehemu moja tu katika ishirini, umri wa balbu hupungua karibu nusu. Zikizidi kwa sehemu moja katika kumi, hubaki chini ya theluthi. Hivyo balbu iliyotengenezwa idumu miezi inaweza kumalizika kwa wiki bila ya kasoro yoyote ya kiwandani.

Kupima ni kazi ya dakika tano kwa mwenye mita ya umeme. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma volti 12 na nusu hivi au zaidi kidogo. Washa injini, ongeza mafuta taratibu mpaka kiasi cha mwendo wa barabarani, utazame mita ikiwa kwenye vichwa vya betri. Ikisimama baina ya 13 na nusu na 14 na nusu, regileta ni nzima. Ikivuka 15 na kuendelea kupanda kadiri unavyovuta mafuta, ugonjwa umeuona. Dalili nyingine zitakuwa zimekwisha kujionesha kwa mwenye macho: maji ya betri kukauka haraka, na balbu ya mbele nayo kuungua mara kwa mara.

Lakini kabla ya kununua regileta mpya, fungua bolti inayoishikilia kwenye chesisi. Regileta nyingi hupata njia yake ya ethi kupitia bolti hiyo, na kwenye vumbi na mvua zetu hushika kutu, au fundi wa rangi amepaka rangi juu yake. Ethi ikiwa mbovu, regileta haisomi umeme sawasawa, basi huuacha upande. Kipande cha msasa na spana moja vimewahi kuiponya pikipiki ambayo mwenyewe alikwisha kuandaliwa bei ya spea.

Hapa lipo jambo ambalo tungependa madereva wetu walishike vizuri. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele na ile taa ndogo ya nyuma hazitumii betri. Hulishwa moja kwa moja na koili, na taa ya breki pekee ndiyo ya betri. Utazijua kwa jaribio jepesi: zima injini, geuza ufunguo, washa swichi ya taa. Kama taa ndogo haiwaki lakini ya breki inawaka unapokanyaga, chombo chako ni cha namna hiyo. Katika mpango huo, taa ya mbele yenye wati 35 na ya nyuma yenye wati 5 hugawana pato moja. Taa ya mbele ikiungua, fungu lake lote hurejea kumtafuta yule mdogo wa nyuma, naye haliwezi. Ndiyo maana dereva husema taa zake zimeungua zote kwa usiku mmoja kana kwamba zimepatana. Hazikupatana, ya kwanza imeiua ya pili. Na akibadilisha ya nyuma peke yake, akaahirisha ya mbele mpaka mwisho wa wiki kwa kuwa ni ghali zaidi, atairudia ya nyuma kesho kutwa. Basi katika pikipiki ya aina hii anza na ya mbele, tena kwa wati zilezile zilizoandikwa, na mita ikitumika kupima kwenye taa igeuzwe upande wenye alama ya kiwimbi, sio ule wa betri.

Kuhusu mtikisiko hatuna haja ya kumweleza mtu anayepanda Kinole kila siku. Uzi wa taa ukiwa na moto huwa laini, na uzi wa wati 5 ni mwembamba mno. Kila jiwe linalopigwa na gurudumu la nyuma huufikia kupitia madigadi. Watengenezaji waliweka raba baina ya taa na chuma ili kuumeza mshtuko huo. Raba hizo zikiisha, au fundi akizitoa na kukaza chuma kwa chuma ili taa isipige kelele, balbu haina kinga. Itazame pia soketi: shika balbu kwa vidole, itikise. Ikicheza, springi iliyo chini yake imechoka au kichwa cha soketi kimezama kwa joto. Mzigo nao una sehemu yake. Keria iliyobeba mikungu ya ndizi ikiegemea kwenye kifuniko cha taa huikandamiza na kuivunja, na wakati mwingine gunia la karoti kutoka Nyandira huning'inia mpaka likaifunika taa nzima. Hapo balbu ni nzima, umeme ni mzima, na bado aliye nyuma haoni kitu. Sisi tunaihesabu taa hiyo kuwa imeungua.

Kifuniko chekundu kikipasuka, maji ya masika yataingia, na balbu itapata ufa tulioutaja. Kifunikwe upya kwa kingine cha aina yake. Ni cha bei ndogo. Nailoni nyekundu iliyofungwa kwa gundi ya karatasi huyeyuka, kisha mwanga unaobaki ni mweupe, na mwanga mweupe nyuma humdanganya dereva wa lori adhani chombo kinamjia.

Swichi ya breki ya mguu tutaisema kwa ufupi, ingawa kwa watu wa milimani ni muhimu. Ina springi na nati ya kurekebishia. Ikivutwa kupita kiasi, taa ya breki huwaka muda wote. Vilevile dereva anayeteremka kutoka Mgeta akiwa ameegemeza mguu juu ya pedali njia nzima huuwasha ule uzi wa wati 21 bila kupumzika, ndani ya kifuniko kidogo kisichopitisha hewa. Joto huyeyusha risasi ya soketi, na aliye nyuma hawezi kujua ni lini hasa unapunguza mwendo.

Liko pia kosa la balbu yenyewe kuwekwa isivyo. Vijino viwili vilivyo ubavuni mwa kitako chake havilingani kimo, na vimefanywa hivyo kwa makusudi ili iingie kwa upande mmoja tu. Mwenye haraka huilazimisha. Matokeo yake uzi wa breki ndio unaowaka usiku kucha, na anapokanyaga breki huongezeka ule mdogo ambao hakuna anayeutambua. Ikikataa kuingia, igeuze, usiipige.

Wengi watauliza habari za taa za LED. Ni kweli kwamba hazina uzi wa kukatika, hivyo mtikisiko hauzisumbui, na umeme zinazokula ni kidogo. Lakini zile za bei ya chini nazo huungua volti zikizidi, na kwenye pikipiki ambayo taa hulishwa na koili moja kwa moja hupepesa vibaya. Zaidi ya hayo, mtu akifunga LED ili kukwepa regileta mbovu, betri itaendelea kuchemka kimyakimya chini ya kiti. Atibu kwanza, kisha afunge apendayo.

Tuingie katika swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo lililomfanya kijana anunue balbu tano. Tumemdadisi, na jambo lenyewe ni hili. Kwa desturi ya vijiwe vyetu, balbu, kama mafuta na kuosha, hununuliwa na dereva. Regileta na betri ni za tajiri. Balbu moja bei yake ni chai na vitumbua. Kumwendea tajiri na habari ya regileta ni maneno marefu, na pengine kuambiwa kuwa umeharibu wewe, leta funguo. Kwa hiyo kijana hunyamaza, hununua chai ya tajiri kila wiki kwa sura ya balbu, na chombo huendelea kuugua. Tajiri naye haambiwi, au anaambiwa na kusema mbona taa inawaka.

Makubaliano haya, ambapo dereva hutoa kiasi maalumu kwa siku na kinachozidi kikawa chake, kwa sura yake ni ijara: ni kukodisha manufaa ya kitu. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii hawakuliacha jambo hili gizani. Imam Nawawi katika Minhaj amelieleza kwa mfano wa nyumba: kuitengeneza ili ikalike ni juu ya mwenye nyumba. Akifanya haraka kuitengeneza, vyema. Asipofanya, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Takataka za uani ni juu ya mpangaji kuzizoa. Tena mkono wa mpangaji ni mkono wa amana: kitu kikiharibika kwa matumizi ya kawaida halipi, isipokuwa amevuka mpaka au amezembea.

Tukilipima la pikipiki kwa kipimo hicho, regileta, betri, koili na nyaya zilizochakaa kwa kazi ni kama paa la nyumba. Ni za tajiri, hata kama hakuna aliyelitaja siku ya kukabidhiana funguo. Balbu inayokufa kwa uzee wake, baada ya miezi, desturi ya kijiwe inatosha kuifanya ya dereva, kwani lililojulikana kwa desturi ni kama lililoshurutishwa. Lakini balbu inayokufa kwa sababu regileta ni mbovu, na tajiri amekwishaambiwa, haituingii akilini kuwa ni ya dereva, maana imeuawa na kilicho cha tajiri. Kwa upande wa pili, kijana aliyefunga redio na vimulimuli kwa kukata nyaya bila idhini, nyaya zikaungua, huyo amevuka mpaka na atalipa. Aliyeona betri inachemka akanyamaza miezi mitatu, huyo amezembea. Kunyamaza kwake hakumlindi, kunamtia hatiani.

Basi kijana wetu aende kwa tajiri wake kwa adabu, mchana, sio wakati wa kupeleka hesabu ambapo wote wawili wamechoka. Achukue zile balbu tano zilizokufa kama bado anazo, amwoneshe weusi wa glasi, na wapime pamoja mbele ya fundi. Namba iliyo kwenye mita haina upande. Na kwa wale walio katika mkataba wa kulipa kidogokidogo mpaka pikipiki iwe yao, mambo yao hutofautiana kwa masharti. Tunawasihi waandike tangu mwanzo nani hutengeneza nini, kama Qur'an ilivyotuamrisha katika Suratul Baqara kuandika madeni yetu. Karatasi moja na mashahidi wawili zinatosha, na ofisi ya msikiti iko tayari kuwaandikia wasiojua pa kuanzia.

Kamati yetu imenunua mita moja ya umeme, ambayo inakaa kwa muadhini. Kila Alhamisi baina ya Magharibi na Isha, fundi mmoja katika jamaa zetu amejitolea kuwapimia madereva bila malipo. Ukuta wa kibla kwa upande wa nje ni mweupe: asiye na mtu wa kumtazamia taa yake arudishe pikipiki kinyumenyume mpaka karibu na ukuta huo, awashe taa, ageuze shingo. Akiona wekundu ukutani, taa ndogo inawaka. Akanyage breki, wekundu ukizidi kwa ghafla, na ya breki ni nzima. Nyumbani kazi hii wapewe watoto. Tunayo nyumba moja ya jirani ambapo binti wa miaka sita husimama mlangoni kila jioni baba yake anapotoka, na hamwachi aondoke mpaka amekanyaga breki mara mbili.

Wallahu aalam.